GIA NZITO INAYOCHOMOKA MLIMANI
Maelezo kwa wenye Land Rover za zamani

Mtu atokaye Voi kwenda Wundanyi huanza safari katika nchi tambarare, kadiri ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na akiisha kupita Mwatate hupanda milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria hufika mita 2,208. Taabu kubwa haipo katika njia kuu, bali katika vijia vya udongo viendavyo mashambani, hasa mvua za vuli zikiisha kuvilainisha. Hapo ndipo Land Rover za namna ya kale, zilizoundwa Uingereza tangu mwaka 1948 hadi 1985, huonyesha faida yake. Lakini gari lililofanya kazi miaka mingi huchakaa, na ubovu mmoja wa hatari ni gia nzito kuchomoka yenyewe.

Kazi ya giaboksi ndogo

Nyuma ya giaboksi kubwa kuna sanduku jingine la gia. Sanduku hili hugawa nguvu za injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, tena humpa dereva gia mbili, nyepesi na nzito. Wenzo wake una kichwa chekundu. Ukisukumwa mbele, gia nyepesi huingia. Ukivutwa nyuma, gia nzito huingia na magurudumu yote manne huvuta pamoja. Ukiwa katikati, injini haishikani na magurudumu hata kidogo. Katika gia nzito magurudumu huzunguka polepole, zaidi ya mara mbili kuliko katika gia nyepesi, na kwa hiyo gari hupanda na mzigo, na katika kuteremka injini hulizuia lisikimbie.

Hatari yake

Gia nzito ikichomoka, wenzo hurudi katikati. Gari lililokuwa likipanda husimama na kuanza kurudi nyuma. Lililokuwa likiteremka huongeza mwendo, na uzito wote huiangukia breki. Breki zikipata moto mno hupungua nguvu.

Yakitokea hayo, dereva asihangaike kurudisha gia gari likiwa katika mwendo. Akanyage breki mara moja, alisimamishe gari, avute hendibreki, na utingo aweke mawe kwenye magurudumu. Ndipo aingize gia tena. Tena akumbuke kwamba kuliacha gari katika gia namba moja hakuwezi kulizuia ikiwa wenzo mwekundu uko katikati. Hendibreki ya Land Rover hizi hushika shafti iendayo magurudumu ya nyuma, kwa hiyo bado hufanya kazi. Lakini mafuta ya gia yakivuja na kuilowesha, nayo huteleza.

Wako madereva wafungao wenzo kwa kamba ya mpira, au wamwambiao utingo aushike kwa mkono. Hiyo si dawa. Meno yaliyoshikana nusu husagana, na kazi ya springi moja hugeuka kuwa kazi ya kununua gia mpya.

Kutafuta sababu

Fundi mwenye busara huanza na yale yaliyo nje, yasiyo na gharama kubwa. Kwanza gari liwekwe mahali pa sawa, na magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo kabla ya mtu yeyote kuingia chini yake.

1. Atazame kama wenzo wafika mwisho wake. Huenda unagonga bati la sakafu, au bolti na viungo vyake vimelegea. Afungue bati, autenge wenzo, kisha asukume kwa mkono shafti ndogo ya kuchagulia gia. Ikienda mbali kuliko ilivyosukumwa na wenzo, ubovu uko nje ya sanduku.

2. Atazame raba zinazoshika injini na giaboksi. Zikikatika, injini hutikisika kila gari livutapo, na mtikiso huo huweza kuuvuta wenzo.

3. Afungue bolti inayofunika springi na gololi. Vitu hivi viwili huishika shafti ya kuchagulia gia isitoke mahali pake. Springi iliyochoka au uchafu uliogandamana hapo watosha kuifanya gia ichomoke. Springi mpya ni kitu kidogo.

4. Akazie uma wa chuma unaosukuma gia. Bolti yake ikilegea, uma huteleza juu ya shafti, na gia haiingii yote.

5. Yote hayo yakiwa mazima, amwage mafuta katika chombo safi na kuyachunguza. Vipande vya chuma ni dalili mbaya. Kisha afungue kifuniko cha chini, atazame meno kwa tochi. Meno yaliyolika na kuwa mviringo nchani husukumana nje kila yabebapo mzigo. Kadhalika gia ya kati, ikiwa washa zake zimelika, hucheza mbele na nyuma. Hapo sanduku halina budi kushushwa na fundi aliyezoea kazi hiyo.

Kuizuia isirudi

Gari lisimame kabisa na klachi ikanyagwe kabla ya wenzo kuvutwa katika gia nzito. Gia hiyo isitumiwe kwenye lami kavu, kwani magurudumu manne yaliyofungwa pamoja hukaza gia zote pindi gari likatapo kona. Mafuta ya giaboksi ndogo yapimwe peke yake, maana hayachanganyiki na ya giaboksi kubwa.

Mpaka ubovu uishe, gari litumike nchi tambarare tu. Na anayetaka kununua gari kuukuu asiridhike kulijaribu mjini Voi. Aombe lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo, katika kupanda na katika kuteremka, naye asiruhusu mkono wowote uushike wenzo.