Fifi Masuka: kutoka makamu hadi liwali wa Lualaba

Kolwezi – Fifi Masuka Saini, liwali wa jimbo la Lualaba, alipita kwanza kwenye kiti cha makamu.

Lualaba ilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne. Richard Muyej, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani, ndiye aliyeiongoza kwanza. Alipochaguliwa tena 2019, Masuka alikuwa makamu wake. Septemba 2021 Muyej aliwekwa kando, na Masuka akakaimu. Muda huo ulizidi miaka miwili na nusu. Aprili 2024 wabunge wa jimbo walimchagua kuwa liwali kamili.

Kiti hicho ni kizito kwa sababu ya madini. Sheria ya 2018 inagawa mrabaha unaolipwa na makampuni hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa miji, tarafa na uchefu wa mahali pa uchimbaji, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa kobalti, mrabaha ni asilimia 10.

Lakini mkaaji wa Manika hampigii liwali kura. Anachagua mbunge wa jimbo, kama ilivyofanyika Desemba 2023, naye mbunge anachagua liwali. Bunge hilo pia linapitisha bajeti ya jimbo, na linaweza kumwangusha liwali. Hivyo, anayetaka kujua ile asilimia 25 imejenga nini, aanze kumuuliza mbunge wake.