Miche Ikifa, Usitupe Jembe

Leo tunazungumza juu ya bustani ya mboga nyumbani, na hasa juu ya kuvunjika moyo mboga zinapokataa.

Hapa Gatongora, kama sehemu nyingi za Ruiru na Thika, mashamba mengi yaliyokuwa ya kahawa yamekatwa ploti. Wengi wetu tuna nafasi ndogo tu mbele ya mlango. Basi mama anajaza gunia udongo na kupanda miche 20 ya sukuma wiki. Wiki ya kwanza, kuku wa jirani wanaidonoa. Wiki ya pili, mfereji unakauka. Wiki ya tatu, vidukari wanafunika majani. Mwishowe mama anasema, "Mimi sina mkono wa kupanda." Gunia linatupwa kando ya ua. Siku yenye pesa atanunua mboga kibandani. Siku isiyo na pesa, watoto watakula ugali kwa chai.

Hapo ndipo afya inapoingia. Mboga za majani kama managu, terere, kunde na sukuma wiki zina vitamini A, inayolinda macho na kuusaidia mwili kupigana na magonjwa. Zina pia madini ya chuma na foliki, vinavyosaidia kujenga damu. Mtoto aliyetimiza miezi 6, mama mjamzito na mama anayenyonyesha wanazihitaji sana. Kwa hiyo gunia likitupwa, anayepungukiwa ni mtoto.

Mama, miche kufa si mkosi, na haimaanishi kwamba huwezi. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Miti kadhaa kati ya hiyo ilikufa. Hawakuacha. Wanawake wa vijijini walijifunza kuotesha miche yao wenyewe, na leo miti iliyopandwa na Green Belt Movement inahesabiwa kwa mamilioni. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobeli.

Sasa tufanye nini? Mche ukifa, usijilaumu. Uliza, "Umekufa kwa nini?" Kila sababu ina dawa yake.

Kama ni kuku, zungushia gunia matawi ya miiba au wavu wa zamani.

Kama ni jua, pandikiza jioni, mwagilia mara moja, kisha weka kivuli cha majani makavu kwa siku chache za kwanza. Funika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee haraka.

Kama ni uhaba wa maji, weka yale uliyooshea mboga au mchele. Lakini usitumie kamwe maji ya choo wala ya mtaro mchafu. Yanaleta minyoo, homa ya matumbo na kipindupindu.

Kama majani yameungua pembeni na mche umenyauka ingawa una maji, huenda mbolea ya ng'ombe ilikuwa mbichi. Iache ioze vizuri, mpaka isiwe na joto wala harufu kali.

Kama ni vidukari, kagua chini ya majani kila baada ya siku mbili. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole. Wakizidi, changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyize jioni. Osha majani vizuri kabla ya kupika.

Jambo lingine kubwa ni hili: usipande vyote siku moja. Panda kidogo leo, na kidogo tena baada ya wiki mbili. Kundi moja likiharibika, lingine linakuja. Changanya na mboga za haraka. Terere na kunde, zikipata maji, waweza kuanza kuchuma majani yake baada ya wiki 3 hadi 4. Hata fungu moja dogo kutoka kwa mkono wako linarudisha moyo.

Ukishavuna, usipoteze faida jikoni. Osha mboga kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi na mafuta kidogo, na usimwage supu yake. Kamulia limau au kula chungwa, ili mwili upate madini ya chuma vizuri. Chai ya majani ingoje kama saa moja baada ya chakula, kwa kuwa huzuia madini hayo.

Lakini mboga peke yake haitibu upungufu mkubwa wa damu. Ukiona mtoto amepauka viganja, amelegea au haongezi uzito, mpeleke kliniki. Mama mjamzito aendelee kumeza tembe za madini anazopewa huko.

Kwa hiyo mama, kama kuna gunia lililotupwa kando ya ua wako, liinue leo. Ongeza mbolea iliyooza, tia mbegu za terere, na mwite mtoto akusaidie kumwagilia. Likishindwa, tafuta sababu, kisha panda tena.