Si kila bunduki kuukuu ni ya Mjerumani

Shotgani kuukuu ya mtutu mmoja inapotajwa kwenye kikao cha mirathi, pale Akheri au kwingineko chini ya Mlima Meru, mara nyingi huja na wasifu wake kamili: ni ya Mjerumani, imevuka miaka mia, na Mzungu mwenye fedha angeinunua kwa mamilioni. Dai hilo halikuzuka hewani. Ni Akheri hapo ambapo wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Oktoba 1896, na Kapteni Johannes akaja na askari wake kutoka upande wa Kilimanjaro kuwaadhibu Wameru na Waarusha. Penye kumbukumbu ya namna hiyo, kila chuma cha zamani hupewa asili ya Kijerumani. Lakini chuma nacho kina maneno yake, na mara nyingi hayalingani na ya kikaoni.

Tuanze na historia. Bunduki iliyozoeleka mikononi mwa askari wa Mjerumani miaka ile ilikuwa Mauser ya muundo wa 1871. Nayo hupiga risasi moja moja, ila si shotgani: ndani ya mtutu wake mna michirizi inayozunguka ili kuipa risasi msokoto, ilhali mtutu wa shotgani ni laini, umetengenezwa kurusha marisau. Kwa raia Mwafrika mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, na kuacha mwanya kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini. Ndiyo sababu silaha ya mwanakijiji ikawa gobole, linaloshindiliwa baruti kupitia mdomoni. Shotgani inayokunjuka na kupakiwa kwa nyuma, ikikutwa leo kwenye familia ya mkulima wa kahawa, ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa imeingia wakati wa Mwingereza au baada ya Uhuru.

Jibu lenyewe limefichwa chini. Bunduki ikishahakikiwa na mjuzi kuwa haina kitu ndani, kisha kile kipande cha mbao kilicho chini ya mtutu kikavuliwa, huonekana mihuri midogo iliyogongwa karibu na sehemu inayopokea risasi. Hiyo ni mihuri ya vituo vya serikali au vya chama cha mafundi vilivyojaribu mtutu kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla haujauzwa. Duara lenye umbo la yai na herufi ELG ni la Liège, Ubelgiji. Likiwa na taji juu, basi mtutu ulijaribiwa mwaka 1893 au baadaye. Simba aliyesimama juu ya herufi PV anaonyesha kuwa ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Birmingham ina mihuri yake, na London yake. Maandishi MADE IN USSR kwenye Baikal hayahitaji mtaalamu: ilitoka kiwandani kabla dola la Kisovieti halijavunjika mwishoni mwa 1991.

Mtu anaweza kupinga: je, nikikuta taji juu ya herufi N, muhuri wa Kijerumani kabisa, si nimeshinda? Bado. Mfalme wa Wajerumani aliondoka madarakani mwaka 1918, lakini taji liliendelea kugongwa kwenye mitutu hadi sheria mpya ya 1939 ilipoleta tai. Bunduki hiyo ingeweza kutengenezwa mwaka 1930 na kuuzwa Tanganyika chini ya bendera ya Mwingereza.

Kosa la kawaida zaidi ni kusoma kila namba kana kwamba ndiyo namba ya silaha. Namba 12 ni ukubwa wa tundu, na wala si milimita: mipira kumi na miwili ya madini ya risasi yenye upana wa tundu hilo hutimiza ratili moja, kwa hiyo 16 ni nyembamba kuliko 12. Namba nyingine ni ya hataza ya mtambo, ambayo maelfu ya bunduki huwa nayo sawasawa. Jina lililochorwa ubavuni nalo huweza kuwa la muuzaji, kama Shaw & Hunter wa Nairobi, wakati mtutu ulitoka Ulaya. Isitoshe, Marekani haikulazimisha shotgani zote kuwa na namba hadi sheria ya 1968, hivyo zipo za mtutu mmoja zilizotoka kiwandani bila namba yoyote. Namba ya hataza ikinakiliwa kwenye kibali, karatasi na chuma havitambuani tena.

Sasa bei. Ni kweli shotgani za Purdey au Holland & Holland huuzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni, lakini zile ni za mitutu miwili, zilizochongwa kwa mkono kwa ajili ya matajiri. Ya mtutu mmoja ilikuwa chombo cha shambani, ikatengenezwa kwa wingi ili iwe rahisi. Marekani kwenyewe, penye soko huru kuliko letu, ya kawaida iliyochakaa mara nyingi haifikishi dola 200. Greener GP ya Birmingham, inayofunguliwa kwa wenzo ulio chini, huheshimiwa zaidi, lakini hata hiyo haijengi nyumba. Kinachopandisha bei ni hali ya mtutu, mbao za asili zisizo na ufa, na mtengenezaji anayejulikana. Umri peke yake hauongezi kitu, na kutu huipunguza.

Wapo watakaosema bei si hoja, bunduki bado inalia na babu aliwafukuza nayo ngedere kwenye mahindi miaka yote. Pengine aliwafukuza kwa risasi za zama zake. Chemba nyingi za zamani zina urefu wa inchi 2½, yaani milimita 65, wakati risasi nyingi za leo zinahitaji 70. Risasi ndefu huingia bila shida; ni ganda linapofunguka ndipo hukosa nafasi, na shinikizo hupanda. Mtutu wenye mawimbi ya chuma kilichosokotwa, uliojaribiwa kwa baruti nyeusi tu, ni wa kuachwa kabisa.

Huku kwetu kuna jambo jingine linaloamua thamani kuliko muhuri wowote. Chini ya Sheria ya mwaka 2015 inayosimamia silaha na risasi, kibali ni cha mtu. Mwenyewe akifariki, silaha haigawiwi kama shamba. Hupelekwa polisi, na mrithi anayeitaka huomba kibali chake. Wengi huogopa hatua hiyo, hasa namba zisipolingana, wakadhani watageuziwa kesi. Hofu hiyo inaeleweka, ila kukaa na bunduki hiyo ndani ndiko kunakozaa kesi yenyewe. Mrithi anayefika kituoni na kibali cha marehemu, akaomba mihuri isomwe na maelezo yasahihishwe kuwa ni shotgani namba 12, mtutu mmoja, ya Liège, ana bunduki inayoweza kuhamishwa kihalali kwa mwenye kibali. Nyingine, hata ingekuwa ya Mjerumani kweli, haina mnunuzi halali.