Shahada ya Juu kwa Wapangaji wa Vyumba Tunamolala

Kagugu ni kitongoji cha vilima katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Kwa miaka ya karibuni mashamba ya huko yamekuwa viwanja, na viwanja vimekuwa nyumba. Jirani, kwenye kilima cha Kinyinya, kumepangwa mji wa kijani katika eneo la hekta zipatazo 600. Mpita njia huona kuta zikipanda na mabati yakimetameta, akasema maendeleo hayo. Ni kweli. Lakini sisi twapenda leo kumwomba msomaji, hasa askari wa jeshi na wa polisi, avuke kizingiti pamoja nasi na kutazama ndani, kwa maana ndani ndiko mtu anakolala, anakopumua na anakoandikia ripoti yake ya zamu.

Jambo hili askari wanalo katika historia yao wenyewe. Mwaka 1857, baada ya Vita vya Krimea, Uingereza iliunda tume ya kuchunguza afya ya jeshi lake. Florence Nightingale aliisukuma sana kazi hiyo, ijapokuwa hakuwa mjumbe. Tume ilivumbua jambo la fedheha: askari waliokaa makambini nchini mwao, wakati wa amani, vijana waliochaguliwa kwa uzima wa miili yao, walikuwa wakifa kwa kiasi cha karibu mara mbili ya raia wa rika lao. Hapakuwa na risasi wala mzinga. Palikuwa na mahanga yaliyosheheni watu, madirisha haba, na hewa ile ile iliyovutwa na kutolewa usiku kucha. Na maradhi yaliyotangulia kuua yalikuwa ya mapafu. Ndipo ikaagizwa kwamba kila askari apate nafasi ya futi za ujazo 600, yaani mita za ujazo 17 hivi. Kwa kipimo hicho, hanga la mita 10 kwa 6, lenye kimo cha mita 3, linawatosha watu 10. Msomaji na achukue futikamba apime lake.

Kipimo hicho ni cha zamani, na elimu imesonga mbele: siku hizi haitoshi kuhesabu nafasi, bali huulizwa hewa ya chumba inabadilishwa mara ngapi kwa saa. Mfano mzuri hauko mbali. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, iliyofunguliwa mwaka 2011 na kuchorwa na MASS Design Group, ilipangwa tangu mwanzo ili kifua kikuu kisiambukizwe wodini. Njia za kupitia watu ziliwekwa nje, wagonjwa wasibanane kwenye vijia vya giza. Madirisha yaliwekwa juu pande mbili zinazokabiliana. Feni kubwa za mwendo wa pole huinua hewa, na taa za miali ya urujuanimno huua vijidudu karibu na dari. Sakafu haina viungo vya kuficha uchafu, na vitanda vimeelekezwa madirishani, mgonjwa aone milima badala ya kutazama mgonjwa mwenziwe. Kuta zilijengwa kwa mawe ya volkano ya huko huko. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo haliwezi kufanyika katika chumba cha mahabusu au katika bweni la makuruta, mahali ambapo watu wengi hulala pamoja bila hiari ya kuchagua jirani.

Hiyo ndiyo elimu tunayoizungumzia: usanifu wa ndani ya majengo unaojali afya ya mtu na uhai wa mazingira. Si kazi ya kuchagua mapazia, kama wengi wadhanivyo. Mwanafunzi hujifunza rangi ipi hutoa mvuke unaodhuru mapafu, gundi ipi hushikilia mbao za kushindiliwa na kuutoa ule mvuke wa fomaldehaidi kwa miezi mingi, na kiti kipi kinaweza kukarabatiwa badala ya kutupwa. Hujifunza pia habari za gesi za mitambo ya kupoza hewa, ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza hapa hapa Kigali mwezi wa Oktoba 2016. Na kanuni za majengo ya kijani zilizotolewa Rwanda mwaka 2019 zina sehemu nzima juu ya hewa na mwanga wa ndani. Sheria ipo basi. Watakiwao ni watu wa kuisoma na kuitekeleza chumba kwa chumba.

Watu hao watasomea wapi? Usanifu majengo ulianza kufundishwa KIST mwaka 2009, na sasa uko chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka 2016 MASS ilianzisha African Design Centre jijini Kigali. Kundi lake la kwanza lilichora shule ya msingi ya Ruhehe, Musanze. Mafunzo yale yalichukua miezi 20, na hapo ndipo penye tatizo la mwenye kazi. Mchora ramani wa Kagugu mwenye watoto wanne, au afisa wa uhandisi aliye kikosini, hawezi kuweka kalamu au bunduki chini kwa muda wote huo.

Ng'ambo wapo waliolifikiria jambo hili. New York School of Interior Design, chuo kilichoanzishwa mwaka 1916, kina shahada ya uzamili mahsusi kwa usanifu endelevu wa ndani. Lakini tufanye hesabu ya saa. Darasa la jioni la New York likianza saa 12, Kagugu ni saa 6 au saa 7 ya usiku, kwa kufuata majira ya mwaka. Askari aliyezoea lindo la usiku huenda akacheka na kusema anaweza. Sisi twamwamini, ila kwa juma moja. Ada ya huko nayo hatuioni ikilipwa kwa mshahara wa hapa. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya maarifa ya nchi za baridi ni namna ya kulizuia joto lisitoke nyumbani. Kigali iko nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta, katika mwinuko wa mita 1,500 hivi. Hapa hewa ya nje ni rafiki karibu mwaka mzima, na dirisha lililowekwa mahali pake huweza kufanya kazi ya mashine ya kupoza hewa, bila umeme. Adui ni jua la asubuhi na la alasiri linalopiga kuta za mashariki na magharibi. Hayo hufundishwa vyema na mwalimu anayeishi chini ya jua hilo.

Kwa maoni yetu, njia imekwisha kuoneshwa na majeshi yenyewe. Katika chuo cha ukamanda na unadhimu cha Nyakinama, na katika chuo cha taifa cha polisi cha Musanze, maofisa wamesoma wakiwa kazini na kupata shahada za uzamili za Chuo Kikuu cha Rwanda, katika mambo ya usalama na ya amani. Yafaa kwamba jioni na Jumamosi chuo hicho hicho kiwafungulie mlango wachora ramani, maseremala wenye stashahada, mabwana afya, na maofisa wa bohari wanaoagiza vitanda, magodoro na rangi kwa maelfu. Afisa wa bohari husahaulika sana katika mazungumzo haya, na hali yeye ndiye anayeamua, kwa saini moja, watu mia tano watavuta harufu gani kwa miaka kumi.

Tena kazi ya kumalizia masomo isiwe karatasi ya kuhifadhiwa kabatini. Kila mwanafunzi apewe jengo moja lililokwisha kujengwa: kituo cha polisi, hanga, zahanati ya kikosi, au nyumba ya kupanga ya Kagugu. Apime hewa, mwanga na unyevu wa kuta kwa majira ya mvua na ya kiangazi, abadilishe kile ambacho fedha iliyopo inaruhusu, kisha apime tena mbele ya wale wanaolala humo.