Ubofye Mwenyewe au Uwaachie Akina Nyanya?

Mlezi wa chama aliponiambia niandike makala ya kueleza jambo, nadhani alitarajia nieleze upishi wa chapati au asili ya methali fulani. Mimi nikamwambia nitaeleza mchezo wa kompyuta ulionitia mashakani. Alinitazama juu ya miwani yake, kisha akasema, "Sawa, lakini ueleze, usitangaze." Naam, naeleza.

Jumamosi moja muhula wa kwanza, mama, ambaye huuza nyanya katika soko la Kangemi, alinipa Sh 250 niende mjini kutafuta tamthilia tunayoisoma darasani. Nilitakiwa kuinunua kwa wale wachuuzi wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya njia, ambapo huna budi kuinama ili uchague. Nauli ilikuwa mbali. Nilishuka kwenye matatu na kabla sijainama popote, miguu ikanipeleka saiba. Dakika 10 tu, nilijiambia. Shilingi moja kwa dakika, si kitu! Nilipoinuka kitini, dakika 85 zilikuwa zimeyoyoma. Kitabu kilikuwa Sh 200. Nilikuwa na Sh 165, na muuzaji hakutaka hata kusikia habari zangu.

Mchezo wenyewe unaitwa Cookie Clicker. Uliundwa mwaka wa 2013 na Mfaransa Julien Thiennot, anayejulikana pia kama Orteil. Kwenye skrini kuna biskuti moja kubwa. Ukiibofya unapata biskuti 1. Ukiibofya tena, nyingine. Basi! Ukimwonyesha mtu mzima atakuuliza kama u mzima.

Ujanja uko dukani. Kwa biskuti 15 unanunua kishale ambacho hubofya chenyewe mara moja kila sekunde 10. Kwa biskuti 100 unamwajiri nyanya (namaanisha mama wa mzazi wako, si zile nyanya za mama yangu) naye huoka biskuti 1 kila sekunde bila kuomba chai ya saa nne. Lakini kila unapoajiri nyanya mmoja, bei ya anayefuata hupanda kwa asilimia 15.

Sasa toa kalamu tupige hesabu. Rafiki yangu alinipima kwa saa ya mkononi, na kidole changu huweza kubofya mara 5 kwa sekunde. Kwa hivyo mwanzoni kidole ndicho baba wa nyumba: katika sekunde 20 nimepata biskuti 100 na nyanya wa kwanza ameingia jikoni. Wakifika nyanya watano, wao na kidole wako sawa. Wakifika kumi, kidole kimekuwa theluthi tu ya kazi yote. Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema uchume juani mpaka saa ngapi, na hapo ndipo penye swali la mchezo huu.

Mimi nilikosea mara mbili. Kwanza, niliwapenda mno akina nyanya. Nyanya wa thelathini hugharimu biskuti 5,758 hivi, na bila viongezeo bado huoka ile ile 1 kwa sekunde. Itachukua dakika 96 kurudisha bei yake, na mimi nilikaa dakika 85! Shamba la kwanza hugharimu biskuti 1,100 na hutoa 8 kwa sekunde, kwa hivyo hujilipia kwa sekunde 138 tu. Pili, sikuacha kubofya. Wasaidizi walipokuwa wakinipa biskuti 200 kwa sekunde, kidole changu kiliongeza 5. Nilitoka jasho na mkono ukakakamaa kwa ajili ya biskuti mbili na nusu katika kila mia. Ningeweza kwenda dirishani nikatazama matatu za Westlands zikigombania abiria, na hasara nisiione.

Je, mbona mtu asiache tu mchezo ujicheze wenyewe? Hilo lilishajaribiwa. Mwaka wa 2002 Mmarekani Eric Fredricksen alitoa Progress Quest, mchezo ambao ukishamchagua shujaa wako huna kazi tena ila kumtazama akipigana na kuuza ngawira. Ulikuwa mzaha, na mzaha wenyewe ni mtamu, lakini mkono umefukuzwa kabisa. Upande wa pili kuna Cow Clicker ya mwaka wa 2010, ya Ian Bogost, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani. Unambofya ng'ombe mara moja, kisha unangoja saa 6 ndipo umbofye tena. Bogost alitaka kuikejeli michezo ya Facebook ya wakati ule, lo, watu wakaupenda! Mwaka wa 2011 akawaondoa ng'ombe wote, na wengine wakaendelea kubofya mahali patupu.

Cookie Clicker iko katikati, na napenda jinsi ilivyofanywa. Mara kwa mara hutokea biskuti ya dhahabu ambayo usipoibofya upesi hutoweka. Ukiiwahi, huenda uzalishaji wote ukazidishwa mara 7 kwa sekunde 77. Hapo aliye macho anamshinda aliyelala. Tena kuna vipanya vya kununua, ambavyo kila kimoja hukipa kila kibofyo chako nyongeza ya asilimia 1 ya mapato ya sekunde. Kile kidole changu kilichokuwa kikiongeza 5 juu ya 200, kikipata kipanya kimoja huongeza 15. Wasaidizi wakikua, kidole nacho hukua.

Hata hivyo mizani hiyo yaweza kukutesa. Mwaka wa 2024 kulikuwa na Hamster Kombat, mchezo wa ndani ya Telegram. Hata hapa Nairobi ungewaona watu wakigonga skrini kwa vidole viwili, utadhani wanapiga ngoma. Kugonga kulikuwa na kikomo, maana nguvu zilikwisha ukangoja zijae. Mali hasa ilitoka kwa kadi za kununua, zilizoleta mapato kila saa. Lakini ukiondoka, mapato yalirundikana kwa saa 3 pekee, kisha yakasimama mpaka urudi. Ukilala saa 8, saa 5 zimepotea. Na sisi wa shule ya kutwa, ambao simu haziruhusiwi darasani? Sarafu halisi ilipogawiwa tarehe 26 Septemba 2024, mapato ya kila saa yalikuwa miongoni mwa vigezo vilivyotumika. Wengi waliogonga kwa miezi walilalamika kuwa walipata kidogo mno.

Nirudi nyumbani sasa, maana mama alikuwa akingoja kitabu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na hizo biskuti ziko wapi?" Zilikuwa zimefutika saiba walipofunga mashine. Nikajaribu kumweleza habari za nyanya wanaooka usiku kucha huku mwenyewe amelala. Akacheka, akanionyesha kreti iliyobaki sokoni tangu Alhamisi. Zile za chini zilikuwa zimeanza kutoa maji. "Zangu nikilala ndivyo zinavyofanya," akasema.

Hilo Orteil hakulitia mchezoni. Biskuti zake hazichachi, na mimi nikiwa saiba sikuwa nimelifikiria.

Nilipunguziwa deni la Sh 85 kwa kubeba kreti alfajiri Jumamosi tatu mfululizo. Jumamosi ya nne nikaenda tena mjini. Kitabu kilikuwa kimepanda, kimefika Sh 220.