Kupima Athari ya V. Y. Mudimbe: Hesabu ya Manukuu na Maktaba za Butembo

Makala haya yanakusudia kujadili swali linalovihusu vyuo vikuu vyetu kila inapofika zamu ya kuwapandisha walimu vyeo: athari ya mwanafalsafa katika taaluma hupimwaje? Mfano wetu ni Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi, Katanga, mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025. Tutamtazama kutoka Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, upande wa magharibi wa milima ya Ruwenzori. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa huko mwaka 1989, mwaka uleule ambao kitabu cha Mudimbe, The Invention of Africa, kilipewa Tuzo ya Herskovits nchini Marekani. Kitabu na chuo, basi, ni wa rika moja.

Kipimo kinachotumika sana ni hesabu ya manukuu, yaani idadi ya maandishi mengine yanayomtaja mwandishi katika marejeo yao. Eugene Garfield wa Philadelphia alitoa faharasa ya kwanza kubwa ya aina hiyo kwa sayansi asilia katika miaka ya 1960. Sayansi za jamii na taaluma za sanaa zilifuata katika miaka ya 1970. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza hesabu nyepesi zaidi: mtafiti hupata 10 iwapo maandishi yake 10 yametajwa mara 10 au zaidi kila moja. Kwa wanafizikia, ambao huandika makala fupi nyingi, hesabu hiyo ina mantiki. Kwa mwanafalsafa ni kichekesho. Mwenye vitabu viwili tu, vilivyotajwa mara 1,000 kila kimoja, atapata 2, na mwanafunzi aliyetajwa mara moja atapata 1.

Hata tukiiacha hesabu ya Hirsch, jumla ya manukuu haitofautishi kutaja na kutaja. Wako wanaomtaja Mudimbe katika aya ya kwanza kama mtu anayepiga hodi, kisha hawamrudii tena. Wako wengine ambao hoja yao yote ingeanguka bila yeye. Faharasa huwapa wote alama moja.

Suala la lugha ni zito zaidi. The Invention of Africa kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1988, na tafsiri yake ya Kifaransa ilichapishwa mwaka 2021, baada ya miaka 33. Mwanafunzi wa Butembo huzungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, na hufundishwa kwa Kifaransa. Kwa miaka hiyo yote, kitabu mashuhuri zaidi cha mwanafalsafa wa nchi yake kilikuwa katika lugha yake ya nne. Alichoweza kukisoma bila mkalimani ni L'autre face du royaume (1973) au L'odeur du père (1982), vitabu ambavyo wasomaji wa Kiingereza hawavitaji sana. Kwa hiyo wako Mudimbe wawili, na faharasa za kimataifa zimemhesabu zaidi yule wa Kiingereza.

Kisha kuna athari isiyoandikwa. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, na masomo ya fasihi na falsafa yakawekwa Lubumbashi, ambako Mudimbe alifundisha hadi alipoondoka nchini mwishoni mwa muongo huo. Kijana wa Kivu aliyetaka masomo hayo alilazimika kusafiri huko. Aliyorudi nayo yaliingia katika mihadhara yake mwenyewe na katika tasnifu alizozisimamia, ambazo kwa kawaida nakala chache hubaki maktabani, nje ya faharasa zote. Johannes Fabian naye alifundisha Lubumbashi katika miaka hiyo, na baadaye akaandika Language and Colonial Power (1986), kuhusu namna utawala wa Wabelgiji ulivyokishughulikia Kiswahili. Ukaribu wa maswali yake na ya Mudimbe unaonekana wazi; nani alimwathiri nani, hesabu haiwezi kutuambia.

Mudimbe mwenyewe ametuachia dhana inayotufaa hapa, ile ya maktaba ya kikoloni: mkusanyiko wa maandishi ya wasafiri, wamisionari, watawala na wanaanthropolojia ulioamua mapema nini kinaweza kusemwa juu ya Afrika, na nani anastahili kukisema. Kwa maoni yetu, faharasa za manukuu ni chumba kipya cha maktaba hiyo. Tazama namna majina ya Beni na Butembo yalivyoingia katika majarida ya dunia. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020, ulioua watu zaidi ya 2,200, ulizaa makala nyingi za tiba ambamo miji hiyo ni mahali pa kuchukulia takwimu. Ni mara chache inatokea kama mahali palipoandikwa nadharia.

Kinachowezekana, na gharama yake si kubwa, ni kila idara kuanza na rafu zake: kuorodhesha tasnifu, kuzisoma, na kuandika kwa kila moja ikiwa Mudimbe ametajwa kwa heshima tu, ametumiwa, au amepingwa. Kupingwa kuhesabiwe juu zaidi, maana hakuna apingaye asichokisoma kwa makini.

Kwa upande wa Kiswahili, kazi hiyo itakwama mapema kwenye istilahi. Neno la Kigiriki gnosis, ambalo Mudimbe analiweka katika kichwa kidogo cha kitabu chake, mmoja atalitafsiri maarifa, mwingine elimu, na wa tatu, mwenye mazoea na maandishi ya kidini, atachagua irfani. Maarifa na irfani vina mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini havina uzito mmoja kwa msomaji wa Butembo, na atakayetafuta kwa neno moja hatayaona maandishi yaliyotumia jingine.