KIFARU CHA NCHI YENYE SIRI

Wenzangu kadha wa Kidato cha Pili wameniuliza jinsi watu wanavyoweza kukijua kifaru cha vita ambacho nchi iliyokiunda haitaki kijulikane. Nchi yenyewe ni Korea ya Kaskazini, nami nitaeleza kadiri niwezavyo.

Tarehe 25 Juni, 1950, majeshi ya nchi hiyo yalivuka mpaka kuingia Kusini, yakiwa na vifaru vya T-34 vilivyotoka Urusi. Jeshi la Kusini halikuwa na kifaru hata kimoja. Lakini mwenye silaha za kupewa humtegemea mpaji, na wakubwa wa Pyongyang hawakupenda hali hiyo idumu. Yapata miaka 30 baadaye walikuwa wakiunda kifaru kiitwacho Chonma-ho. Kilifanana mno na T-62 ya Kirusi: mzinga wa milimita 115, na magurudumu matano kila upande ndani ya minyororo.

Magurudumu hayo ndiyo ufunguo. Msomaji atazame picha yo yote ya kifaru. Unene wa mabamba ya chuma haupimiki kwa macho, wala injini haionekani. Lakini magurudumu yahesabika. Kifaru kikiongezewa mabamba na mzinga mkubwa huwa kizito. Uzito ukizidi, yabidi mwili urefushwe na magurudumu yaongezwe, ili mzigo uenee juu ya ardhi. La sivyo minyororo itadidimia matopeni. Basi gwaride la Oktoba 2010 lilipoonyesha kifaru cha magurudumu sita, wajuzi walifahamu kwamba hicho si T-62 iliyopakwa rangi tu.

Kifaru hicho huitwa Songun, yaani "jeshi kwanza". Neno hilo lilikuwa siasa ya nchi tangu miaka ya 1990, miaka ile ile ambayo njaa iliua watu kwa malaki. Mimi siwezi kulisoma jina hilo bila kukumbuka jambo hilo.

Usiku wa tarehe 10 Oktoba, 2020, chama kinachotawala kilipotimiza miaka 75, kilipita kifaru kipya kabisa, cha rangi ya mchanga. Magurudumu yalikuwa saba. Ubavuni mwa kichwa chake kizungukacho mlikuwa na makombora mawili, na chini yake vibomba vifananavyo na vile vya kutungulia kombora la adui kabla halijafika. Umbo lake lilikumbusha Abrams ya Marekani na Armata ya Urusi pia. Lakini gwaride si vita: hata kibomba kitupu hupendeza barabarani, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuchungulia ndani.

Mwezi wa Machi 2024 magazeti ya serikali yao yaliandika kwamba Kim Jong Un mwenyewe amekiendesha kifaru kipya mazoezini. Katika picha alitokeza kichwa juu ya tundu la dereva. Nilihesabu magurudumu: saba.